Harmonika ya matundu kumi: fa na la zimekwenda wapi?

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma huku mumesimama dukani na muuzaji anakutazameni. Kama unataka harmonika (kinanda cha mdomo) ya kufuatia nyimbo za taarab, usiichukue ile ndogo ya matundu 10 kwa sababu tu boksi lake zuri na jina lake la Kijerumani. Chombo ni kizuri, mimi ninacho na sikiuzi. Ila noti zake zilipangwa kwa ajili ya muziki mwengine kabisa, na asiyeijua sababu ya mpangilio ule ataitia kabatini akisema imeharibika.

Kazi yangu ni ufundi wa simu hapa Darajani, Unguja, na jioni napiga fidla. Mezani zipo harmonika tatu, zote nimeshazifungua kwa bisibisi. Ya kwanza tremolo ya Kichina ya matundu 24, niliyoinunua Mchangani kwa shilingi 35,000. Ya pili Hohner Special 20 ya ufunguo wa C, aliyoniletea mpwa wangu kutoka Dar. Ya tatu Lee Oskar ya La maina harmoniki (mpangilio wake nitaueleza mbele), ya kuazima, na mwenyewe ameshaanza kuiulizia.

Nianze na hiyo Hohner, ndiyo inayowapa watu tabu.

Juzi kijana mmoja alikuja kibandani na harmonika ya aina hiyo hiyo, kampuni nyengine. "Fundi, hii imekufa ndimi mbili. Nimevuta, nimepuliza, fa haitoki, la haitoki." Nikafungua skrubu, nikatoa vifuniko. Ndani mna bamba mbili za shaba, kila bamba ina ndimi 10 (vipande vyembamba vinavyotetemeka pumzi ikipita), moja kwa kila tundu: bamba ya juu ni za kupuliza, ya chini ni za kuvuta. Jumla 20. Nikazigusa moja moja kwa ncha ya sindano, zote zikalia. Hakuna iliyokufa. Fa na la za chini hazikuwemo tangu kiwandani.

Mpangilio wenyewe ni huu. Do yetu iwe C. Anza katikati, tundu la 4: ukipuliza do, ukivuta re. Tundu la 5: puliza mi, vuta fa. Tundu la 6: puliza so, vuta la. La 7 mambo yanapinduka: ti unaivuta kwanza, halafu do ya juu unaipuliza. Ngazi nzima ya noti umeimaliza, hakuna kilichopungua. Sasa shuka chini. Tundu la 1 do na re, sawa. La 2 unapuliza mi, unavuta ukiitegemea fa, inatoka so. La 3 unapuliza, so tena, ile ile. Unavuta, ti. Kwa hiyo so unayo mara mbili, fa na la huna hata moja. Panda juu uone kwengine: la 8 vuta re, puliza mi, la 9 fa na so, la 10 vuta la, puliza do. Ti ya huko juu haipo, matundu yamekwisha.

Mtu anaweza kusema Wajerumani wamefanya ubahili. Lakini kaa chini upige hesabu. Walichokitaka ni kwamba mtu akipuliza popote, hata akitia matundu matatu mdomoni kwa mpigo, isitoke kelele. Basi wakaamua pumzi ya kupuliza iwe do, mi, so tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Noti zilizobaki katika ngazi ni re, fa, la, ti, na hizo ndizo za kuvuta. Upande mmoja noti tatu, upande wa pili nne. Tatu na nne hazilingani, na ndiyo maana kila ukipanda oktava moja upande wa kuvuta unabaki nyuma kwa tundu moja. Kule tundu la 4 re iko pamoja na do. Ukifika la 8 re imeshahamia kwa mi. Na ile ti ya juu ndiyo iliyosukumwa mpaka ikaanguka nje ya chombo.

Hilo la juu ni la hesabu. La chini, la fa na la, ni la makusudi. Matundu manne ya mwanzo ukiyavuta pamoja unapata re, so, ti, re: hiyo ni kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya so meja, ile ile anayoishika mpiga gitaa akitoka kwenye do meja. Puliza, kodi ya kwanza. Vuta, kodi ya pili. Nyimbo za vijijini kwao, na wolzi zao za moja-mbili-tatu, nyingi zinakwenda kwa kodi hizo mbili tu. Mpigaji anafunika matundu ya kushoto kwa ulimi, anapiga nyimbo kwa pembe ya kulia ya mdomo, na kila pigo linapofika anauinua ulimi kidogo, kodi inaingia. Mtu mmoja na chombo cha mfukoni, anaimbisha na kujipigia mwenyewe. Kama fa na la zingekuwepo kule chini, kila akiinua ulimi zingemharibia kodi. Zikatolewa, so ikawekwa mara mbili.

Mpangilio huu mafundi wanauita Richter, na jina hilo huhusishwa na fundi wa Bohemia wa karne ya 19, ingawa watafiti wa harmonika hawajaacha kubishana juu yake. Kisichobishaniwa ni zama na mahali: vyombo vya ndimi za kupuliza vilienea Ujerumani, Austria na Bohemia kuanzia miaka ya 1820, na ndimi zenyewe za aina hiyo zilikuwepo katika sheng, chombo cha kupuliza cha Wachina, karne na karne kabla. Mwaka 1829 huko Vienna, Cyrill Demian alisajili chombo alichokiita akodiani, kwa sababu kila kitufe chake kilitoa kodi nzima, moja ukikifungua na nyengine ukikifunga. Yaani kodiani yetu ya taarab, hii tunayoiona mapajani mwa wazee pale klabuni, na harmonika ya mfukoni ni ndugu wa tumbo moja, zimezaliwa na fikra ile ile. Kodiani ikaja ikabadilishiwa njia, ikawekewa vitufe vya piano na kila noti ikatoka ile ile ukivuta au ukisukuma. Harmonika ikabaki na kodi zake.

Kampuni ya Seydel ilianza Klingenthal, Ujerumani, mwaka 1847. Matthias Hohner akaanza Trossingen mwaka 1857, na yeye ndiye aliyezipeleka Marekani kwa wingi. Harmonika yake ya Marine Band, yenye mpangilio huu huu, ilitoka mwaka 1896 na mpaka leo inatengenezwa. Kitu kikishauzwa kwa mamilioni ya watu hakuna tena wa kukibadilisha, kila mtoto ameshajifunzia hicho.

Turudi kwetu. Taarab haiendeshwi kwa kodi. Fidla, udi, kanuni, kodiani na nai vyote vinafuata nyimbo moja, kila kimoja kikiipamba kwa mkono wake, na chini besi na dumbak vinashika mwendo. Wale waliotoa fa na la walilipwa kwa kodi. Wewe wa taarab unatoa fa na la, na kodi uliyopewa huna pa kuitia. Hiyo ndiyo kasoro ya Special 20 kwa mtu wa vikundi vya taarab kama Ikhwani Safaa au Culture, na haihusiani na ubora wa chombo. Ubora wake sina neno nao: mwili wa plastiki hauvimbi kwa unyevu wa kwetu kama ule wa mbao, bamba zimefungwa kwa skrubu, pumzi haivuji. Sauti yake nene, na ukipiga pole pole inakaribia nai iliyopigwa na mtu mwenye mafua. Nimeipenda kwa hilo.

Lakini subiri kidogo, maana chombo hiki kina siri, na walioifichua si Wajerumani. Ndimi mbili za tundu moja zinapumua katika chumba kimoja. Ukivuta kwa kuurudisha ulimi wako nyuma na kubadilisha umbo la mdomo, noti ya juu ya tundu hilo inashuka kuelekea ile ya chini. Inashuka mpaka wapi? Inategemea nafasi iliyopo baina ya hizo mbili. Tundu la 2 lina mi na so, kwa hiyo so unaweza kuipinda mpaka fa. Tundu la 3 lina so na ti, kwa hiyo ti inapindika mpaka la, na ikizidi kidogo hadi chini ya la. Zile noti mbili zilizotupwa zimo humo humo, zimejificha ndani ya pumzi. Hata ti ya juu imo: puliza tundu la 10 kwa kubana, do inateremka na ti inatoka.

Weusi wa Kusini mwa Marekani ndio walioufanya upindaji huu kuwa muziki. Wanachukua harmonika ya C wanapiga katika so, wanakaa zaidi kwenye kuvuta, na blues nzima ya harmonika imejengwa juu ya mashimo ambayo mafundi wa Ujerumani waliyaacha kwa ajili ya wolzi. Hakuna aliyeyakusudia hayo alipokuwa akipanga ndimi mezani.

Na hapa ndipo masikio ya mtu wa maqamu (ngazi za noti za Kiarabu, kama rast, bayati na hijazi) yanaposimama. Baina ya ti na ti iliyoshushwa nusu toni kuna njia nzima, haina ngazi. Rast ya kuanzia so inataka ti iliyoshuka robo toni, ile ambayo kinanda cha umeme cha kawaida hakina. Kwenye tundu la 3 unayo. So kwa kuvuta tundu la 2, la kwa kuipinda ti ya tundu la 3 mpaka chini, kisha unaiachia ipande mpaka iwe robo chini ya ti yake, halafu do kwa kupuliza la 4, re kwa kuvuta la 4. Nimeipiga mbele ya mzee mmoja wa kanuni. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Rast ni yenyewe mwanangu, lakini umeipanda kwa miguu." Kwa vile la inatoka kwa kupindwa, na robo nayo inatoka kwa kupindwa, unafanya kazi mbili ngumu katika tundu moja.

Ufumbuzi wake upo, na kwa fundi ni kazi ya muda mfupi. Brendan Power, mpigaji harmonika wa New Zealand, aliyetaka kupigia nyimbo za Ireland, alipandisha ulimi mmoja tu: ule wa kupuliza wa tundu la 3, kutoka so mpaka la. So hukuipoteza, bado unaivuta kwenye la 2. Mpangilio huo wanauita Paddy Richter. Nilitoa bamba ya juu (ndimi za kupuliza zinatazama ndani, huzifikii bila ya kuitoa), nikapenyeza ukanda mwembamba wa chuma chini ya ulimi wa 3 usibonyee, nikaanza kukwangua ncha kwa tupa ile ninayosafishia sehemu za kuchajia. Ukipunguza ncha sauti inapanda. Ukikwangua shinani inashuka. Kwangua mara mbili tatu, futa vumbi la shaba, rudisha, puliza, tazama programu ya kupimia sauti kwenye simu, kisha tena. Toni nzima ni masafa marefu kwa ulimi mdogo vile, usiwe na pupa. Baada ya hapo la unaipuliza moja kwa moja, na robo ya ti unaipata kwa kupinda kidogo tu, kwa sababu sasa nafasi baina ya la na ti ni fupi na noti haiwezi kukukimbia mbali. Mzee wa kanuni safari hii hakusema kitu kuhusu miguu. Aliniomba nirudie.

Bayati ya kuanzia la nayo inakuja kwa njia hiyo hiyo: la, ti ya robo, do, re. Ukitaka bayati ya kuanzia re kwenye harmonika hii ya C, samehe, mi ya chini na ya katikati ni za kupuliza na pale hazipindiki. Utanunua ya ufunguo mwengine.

Ile Lee Oskar ni habari nyengine. Lee Oskar ni mpigaji wa Denmark aliyejulikana na bendi ya War huko Marekani, na harmonika za jina lake, zilizoanza 1983, zinatengenezwa Japani na Tombo. Anaziuza kwa mipangilio tofauti, meja ya kawaida, maina mbili, na nyengine anayoiita Melody Maker. Hii ya maina harmoniki ni Richter ile ile kwa umbo, ila noti ya tatu na ya sita zimeshushwa nusu. Ya La maina ukiipuliza unapata la, do, mi; ukiivuta kushoto unapata mi, so iliyopanda nusu, ti. Sasa weka mdomo tundu la 6. Puliza mi. Vuta fa. Nenda la 7, vuta so ya kupanda. Puliza la. La 8 vuta ti, puliza do. La 9 vuta re, puliza mi. Umeshaisikia? Hijazi kamili kutoka mi mpaka mi, matundu manne, hakuna cha kupinda wala kukwangua. Nilipoipiga kibandani mara ya kwanza, muuza kahawa aliweka dele chini akauliza nani kafungua redio. Sidhani kama Tombo walimfikiria mtu wa Unguja walipoiunda, lakini kwa nyimbo za hijazi sijaona chombo cha mfukoni kinachoikaribia. Kasoro yake ni kuwa haijui kitu chengine. Ukitoka hijazi na maina yake, umekwama.

Tremolo nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyojaa madukani. Kila noti ina ndimi mbili, moja juu moja chini, na moja imepandishwa kidogo makusudi ili zikilia pamoja sauti itetemeke. Mtetemo ule kwa kasida na nyimbo za harusi ni mtamu. Mpangilio wa hizi za Asia umerudisha fa na la za chini, ndiyo sifa yake kubwa, lakini jinsi ulivyozirudisha lazima ucheke. Kila tundu ni la kupuliza tu au la kuvuta tu. Ukitoka kushoto yangu inasoma hivi: so, re, do, fa, mi, la, so, ti, do, re, mi, fa, so, la, do, ti. Yaani chini re iko kushoto ya do, na fa kushoto ya mi, katikati zinanyooka, juu do inaitangulia ti. Ni ile ile tatu kwa nne, safari hii imeachiwa iteleze yenyewe bila ya kukatwa kitu. Mkono unazoea. Tatizo ni kuwa kila ulimi una chumba chake, kwa hiyo kupinda sahau, na bila ya kupinda hakuna robo. Rast yake itakuwa meja iliyovaa kanzu.

Ile ya kromatiki yenye kitufe ubavuni sinayo, nimeishika tu. Wao walilimaliza tatizo la tatu na nne kwa kuongeza do ya pili: puliza do, mi, so, do, vuta re, fa, la, ti, nne kwa nne, kila oktava sawa na mwenziwe, na kitufe kinapandisha nusu. Kwa mtu mwenye fedha na subira ndiyo ya kuitafuta, lakini bei yake kwa hapa ni ya mwenye hoteli.

Kuhusu duka la Mchangani: wana tremolo tele, za matundu 10 mara zipo mara hazipo, za maina sijaziona. Muuzaji mtu mzuri lakini ukimuuliza mpangilio anasoma rangi ya boksi. Nilimuuliza, "Shekhe, hii chini ina fa?" Akanijibu, "Ina kila kitu ami, mpya hii." Akaipangusa kwa pindo la shati, akapuliza yeye kwanza, kisha akanipa mimi. Chukua kitambaa chako na uombe ambayo haijafunguliwa. Yangu ilikuja na ulimi mmoja wa juu uliokwama kwa uchafu wa kiwandani, nikausafisha mwenyewe. Hakukataa kunibadilishia, ila mimi nilikuwa na haraka.

Jaribu hivi kabla ya kulipa. Kwenye ya matundu 10 vuta la 2 kisha puliza la 3: zikiwa sauti moja, ni Richter ya kawaida. Kwenye tremolo sikiliza mtetemo wa noti za chini na za juu. Ukikuta moja inatetemeka mbio na jirani yake imetulia kabisa, irudishe. Na ukiwa na jamaa anayekuja kutoka nje, usimwambie tu "niletee harmonika". Mwandikie aina ya mpangilio na ufunguo: maina harmoniki ya La kama unapenda hijazi, ya C ya kawaida kama uko tayari kuikwangua. Akikuta Seydel yenye ndimi za chuma kisichoshika kutu na mfuko wake unaruhusu, achukue hiyo, kwa hewa yetu ya chumvi itadumu.

Tremolo yangu nimempa mtoto wa dada yangu, na nyota tatu nimeipa kwa kuwa yeye anaifurahia. Special 20 nne, tano baada ya tupa. Lee Oskar tano, na mwenyewe akisoma hapa, bado sijamaliza kuijaribu.